Mikopo Chechefu Ikishuka, Usishangilie Bado

Kila zinapotoka hesabu za mwaka, lazima nisikie mtu akisema benki fulani imetulia kwa sababu imepunguza kukopesha wateja na kujaza hatifungani za serikali, yaani hati za kuikopesha serikali. Mikopo chechefu, ile isiyolipwa kwa wakati, imeshuka, uwiano wa mtaji kwa mali zenye hatari umepanda, basi mambo safi. Si kweli, na katika nchi zinazoinukia kiuchumi imani hiyo ni ya hatari.

Uwiano wa mtaji hupanda kwa sababu kanuni za Basel, zile za kimataifa za kusimamia benki, zinaruhusu wasimamizi kuipa hatifungani ya serikali, kwa sarafu ya nchi yenyewe, uzito wa sifuri, yaani kuihesabu kama haina hatari na haihitaji kutengewa mtaji. Hamisha fedha kutoka kwenye mikopo kwenda kwenye hatifungani, uwiano unanona bila mwenyehisa kuongeza hata senti.

Tazama Ghana. Tarehe 5 Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kubadilisha hatifungani za ndani, na walioshiriki wakapata mpya zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Benki zikaandika hasara kubwa katika hesabu za mwaka huo. Hapakuhitajika ofisa mikopo mzembe hata mmoja.

Tena serikali si lazima ishindwe kulipa. Chukua hatifungani ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 12. Soko likianza kudai asilimia 20, bei yake inaanguka hadi kama 66 kwa kila 100. Benki ikisema itaishika mpaka iive, hasara hiyo haigusi faida wala mtaji vitabuni. Sawa, lakini wenye amana watangoja? Machi 9, 2023, wateja wa Silicon Valley Bank ya Marekani waliomba kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi wao bila kufika tawini. Simu ziko kila mahali sasa.

Mashambulizi ya kimtandao nayo yapo. Benki Kuu ya Bangladesh iliibiwa dola milioni 81 Februari 2016. Hayo angalau bodi za benki huyajadili bila kusukumwa, tofauti na hatari hii ya hatifungani.

Tufute sifuri basi? Hapo nasitasita. Benki zikiambiwa zitenge mtaji, zitanunua kidogo, serikali itakopa kwa riba ya juu zaidi, na bei za hatifungani zilizopo zitashuka. Hata majaribio ya mishtuko tunayofanya, ya kupima kama benki itahimili hali mbaya, siyaamini sana: serikali ikikwama, sarafu, amana na makandarasi wanaoidai huyumba pamoja, ilhali mara nyingi tunajaribu mshtuko mmoja mmoja.

Kwa hiyo ukishika hesabu za benki, fungua maelezo ya nyuma yanayolinganisha thamani ya vitabuni na ya sokoni. Kisha gawanya hatifungani zote kwa mtaji. Zikiwa mara tatu, bei ile ya 66 inatosha kuumaliza mtaji wote.