Mwalimu Goso katika kurasa 32

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuziandika upya ngano za Unguja na Pemba ziwe vitabu vya watoto wanaoanza kusoma, na hapa nataka kueleza jambo moja ambalo nilichelewa kulitambua: ngano ya kwetu haikai katika kisa chake, inakaa katika marudio yake. Mwandishi anayekichukua kisa na kuyatupa marudio kwa kudhani kuwa anampunguzia mtoto mzigo, amechukua kifuu akaiacha nazi.

Nitatumia ngano ya Mwalimu Goso, kwa kuwa ni ya hapa hapa. Edward Steere, mmishionari wa Kiingereza, aliipata kwa wasimulizi wa Unguja na kuichapisha London mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine. Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Paa akapanda mbuyuni kuiba mabuyu, buyu moja likaanguka likampiga mwalimu kichwani, naye akafa. Wanafunzi wakatoka kumtafuta muuaji. Walianza kwa kumkamata Kusi, kwa kuwa upepo ndio uangushao matunda, naye akajitetea kwamba lau angekuwa na nguvu hizo asingezuiwa na kiambaza, yaani ukuta wa udongo. Wakaenda kwa kiambaza, kikasema hutobolewa na panya. Panya huliwa na paka, paka hufungwa kwa kamba, kamba hukatwa na kisu, kisu huunguzwa na moto, moto huzimwa na maji, maji hunywewa na ng'ombe, na mashitaka yakaendelea hivyo hadi yakamfikia paa mwenyewe.

Katika rasimu yangu ya kwanza mlolongo huo wote niliupa sentensi mbili. Niliandika kwamba wanafunzi waliuliza kila mahali, kila mshitakiwa akakana, mwisho wakampata paa. Niliisoma rasimu hiyo katika skuli moja ya wilaya ya Micheweni, na watoto walinisikiliza kwa adabu, mikono juu ya madawati, mpaka nikamaliza. Kisha mwalimu wao, mama wa makamo, akaniomba ruhusa naye aitoe kama alivyoipokea kwa bibi yake. Akaita "Paukwa!", darasa zima likaitika "Pakawa!", na alipofika kwa mshitakiwa wa tatu watoto walikwisha kuushika mpango wa maneno, wakawa wanamtangulia kujibu. Hakuongeza kisa chochote. Aliirudia sentensi ile ile akibadilisha neno moja moja, na neno hilo moja ndilo watoto walilokuwa wakiligombania.

Nilirudi nyumbani nikaanza upya, na kadiri nilivyoandika ndivyo nilivyoona kwamba marudio yale yana kazi mbili. Ya kwanza ni ya masikio, nayo kila aliyekulia jamvini kwa bibi yake anaijua. Ya pili ni ya macho: mtoto anayeanza kusoma akikutana na sentensi ile ile ukurasa baada ya ukurasa, mara ya kwanza huisoma silabi kwa silabi, mara ya tatu huitambua kwa kuitazama, na nguvu zake zote hubaki kwa lile neno jipya. "Lau ningalikuwa na nguvu, ningalizuiwa na kiambaza?" Muundo wa -ngali- huwatatiza hata wanafunzi wa sekondari, lakini mtoto wa darasa la pili akishautamka mara kumi kwa kumtetea panya, paka na kisu, huutumia bila kujua kwamba amefundishwa sarufi.

Halafu kuna suala la kurasa. Kitabu cha picha kwa kawaida huwa na kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa 16, na mbili za namna hiyo hutoa 32. Katika masimulizi niliyoyafuata washitakiwa ni 11, paa akiwa wa mwisho. Nikimpa kila mmoja kurasa mbili nimetumia 22, na hubaki 10 za jina la kitabu, mwanzo na mwisho. Ni kama kwamba ngano ilipimwa kwa kitabu. Kubwa zaidi ni mahali pa kuikata sentensi. Ukurasa wa kulia huishia kwenye "ningalizuiwa na...", na jina huja baada ya kupindua. Pale bibi alipokuwa akivuta pumzi na kututazama usoni, sasa pana mkono wa mtoto ulioshika pembe ya karatasi.

Wachoraji nao wanahitaji kuongozwa. Mchoro wa kwanza nilioletewa ulikuwa na swala mkubwa mwenye pembe ndefu, amesimama kwenye mbuga ya majani makavu. Paa wa visiwa hivi, kama paa nunga wa misitu ya Unguja, ni mnyama mdogo anayejificha vichakani, na udogo wake ni sehemu ya maana, kwa kuwa mlolongo uliopita kwa upepo, moto na maji unamwangukia kiumbe unayeweza kumbeba mikononi. Kiambaza pia kinataka picha ya kweli, fito na udongo, maana watoto wengi wa mjini wamezaliwa ndani ya kuta za matofali. Picha ikichorwa vyema, hakuna haja ya maelezo pembeni.

Kuhusu lugha, najua kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na vitabu vya kiada ni haki kuvifuata vigezo vyake. Nyimbo za ndani ya ngano, hata hivyo, haziguswi na kalamu yangu. Wimbo wa lahaja ya Kitumbatu au ya Makunduchi ukisanifishwa hupoteza mizani, na mtoto hawezi tena kuuimba. Jina la msimulizi, akikubali, huandikwa mwanzoni mwa kitabu, mbele ya jina langu.

Lililonigombanisha na mhariri mmoja ni mwisho. Paa anapoulizwa hana la kusema, na wanafunzi wanauchukua ukimya wake kuwa ni kukiri, wanamuua. Mhariri alitaka paa aombe radhi na asamehewe. Nilikataa, kwa sababu washitakiwa wote waliotangulia waliokolewa na ule usemi wenye mpango, na yeye peke yake ndiye asiyekuwa nao. Akipewa maneno ya radhi, marudio yote ya nyuma hayana kazi. Tulikubaliana kwamba kifo kiandikwe kwa sentensi moja fupi isiyo na picha. Kabla yake nikaomba kurasa mbili zisizo na neno lolote, paa peke yake chini ya mbuyu, anatazama mbele.

Kila ninapokisoma kitabu hicho darasani, hapo ndipo kelele zinapoanza. Wapo wanaosema amenyamaza kwa kuwa ana hatia, wapo wanaosema ameshikwa na hofu, na wapo wanaoshikilia kwamba aliiba lakini hakukusudia kuua. Mimi huwaacha wabishane mpaka wamalize, kisha ndipo ninapopindua ukurasa.