Nyumba Haihitaji Kengele: Dhana Zinazowachosha Mama Wanaosomesha Nyumbani

Kufika Oktoba, mama anayesomesha wanawe nyumbani badala ya kuwapeleka shule huwa ameishiwa. Ari ya Agosti imekwenda zake, kitabu cha hisabati kimekwama ukurasa wa kumi na mbili, mdogo analia, mkubwa amegoma. Nawaandikia mama wenzangu wazungumzao Kiswahili hapa Texas, muwe mmetoka Mombasa kama mimi, au Dar, au Bukavu. Nimesomesha watoto watatu kwenye meza ya jikoni kwa miaka sita, na nimeona kwamba kazi yenyewe hutuchosha, lakini yale tunayoyaamini kuihusu hutuchosha zaidi.

Dhana: Siku ya masomo ni lazima iwe ya saa saba.

Hii ndiyo iliyonimaliza mwaka wa kwanza. Nilibandika ratiba ukutani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa, na kufika Jumanne nilikuwa nishapiga kelele, nishalia, nishaomba msamaha.

Ukweli ni kwamba saa saba za shule zina ndani yake kuita majina, kupanga foleni, chakula, mapumziko, na kungojana watoto ishirini na kitu. Wewe na mwanao mmoja hamngojani na mtu. Mtoto wa miaka sita au saba akikaa na kalamu saa moja na nusu kwa siku, kwa vipande vifupi vifupi, amefanya kazi ya kutosha. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923 na ambaye wengi wanaosomesha nyumbani humfuata hadi leo, alitaka somo la mtoto mdogo lisizidi dakika 20. Baada ya hapo mtoto atoke nje.

Na sheria je? Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Texas, katika kesi ya Leeper, ilithibitisha kwamba nyumba inayosomesha kwa dhati huhesabiwa kama shule ya binafsi. Inatakiwa kuwa na mtaala unaoonekana, wa kitabu au wa kompyuta, wenye kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Hakuna idadi ya saa wala siku, na mama hatakiwi kuwa na cheti cha ualimu. Majimbo yote 50 huruhusu kusomesha nyumbani, ila masharti hayafanani. New York, kwa mfano, hutaka saa 900 kwa mwaka kuanzia darasa la kwanza hadi la sita, saa 990 kuanzia la saba, na ripoti kila robo mwaka. Kwa hiyo soma sheria ya jimbo lako mwenyewe, usibebe hofu ya jimbo la mwenzio.

Dhana: Kila mtoto lazima awe na masomo yake peke yake.

Watoto watatu mara masomo sita, na mama mmoja. Hesabu hiyo haitoki hata ukiamka alfajiri.

Lakini sisi wa pwani tumelelewa tukiona jambo hili likifanyika. Chuoni, yaani madrasa, tulikaa mkekani wa kila umri, Maalimu mmoja. Huyu yuko kwenye alifu na be, yule anaunganisha herufi na irabu, mwengine amekaribia kuhitimu Qur'ani. Kila mmoja alisoma pale alipofika. Maalimu alimwita mmoja mmoja kwa dakika chache, na waliotangulia waliwasikiliza wadogo. Hakuna aliyeona ni upungufu.

Siku nilipolikumbuka hilo, nyumba yangu ilibadilika. Hadithi, historia, sayansi na jiografia tunasoma pamoja: mkubwa anaandika ukurasa, wa kati anaandika sentensi tatu, mdogo anachora. Kinachobaki cha kila mtu peke yake ni hisabati na kusoma. Binti yangu mkubwa humsikiliza mdogo wake akisoma huku mimi nikikuna nazi, na nimemwona yeye mwenyewe akielewa zaidi kwa kule kumweleza mwenzake.

Dhana: Kiswahili kitamchelewesha mtoto Kiingereza.

Hii huniuma, maana nimewaona mama wakiacha lugha yao nyumbani kwa kuiogopa, kisha mtoto anashindwa kuzungumza na bibi yake kwenye simu.

Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema. Maneno yake yamegawanyika, mengine ya jikoni kwa Kiswahili, mengine ya uwanjani kwa Kiingereza, kwa hiyo ukimpima, jumlisha maneno ya lugha zote mbili. Akiwa na tatizo la kweli la kusema litaonekana katika lugha zote mbili. Hapo omba uchunguzi katika wilaya ya shule ya umma unakoishi: ni bure, hata kama mtoto hajaandikishwa huko.

Katika kusoma, Kiswahili ni neema. Irabu ni tano na kila moja hubaki na sauti yake. Mtoto aliyeishika ba be bi bo bu ameshajua siri kubwa, kwamba herufi hubeba sauti, na siri hiyo huingia nayo kwenye Kiingereza, ambako tahajia ni ngumu zaidi.

Dhana: Kumrudisha mtoto shule ni kushindwa.

Mlango wa shule ya umma haujafungwa. Tena kwa anayeogopa kwa sababu ya makaratasi: mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyoanzia hapa hapa Texas, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji.

Na upo uchovu ambao si wa masomo. Ukiwa na mtoto mchanga, usingizi hauji hata akilala, hutaki kula, hutaki mtu, hiyo yaweza kuwa sonona (depression) ya baada ya kujifungua, na hutibika. Mwambie daktari wako. Namba 1-833-852-6262 ni ya msaada kwa akina mama wajawazito na waliojifungua, haina malipo, hupokewa usiku na mchana, na unaweza kuomba mkalimani. Ukifikia kuwaza kujidhuru, piga 988, namba ya msaada wa dharura, saa hiyo hiyo.

Mwanangu wa kati nilimrudisha shule kwa mwaka ule wa nne, baada ya kujifungua mtoto mwingine. Alishuka basi saa kumi kila siku, nikamwekea mihogo ya nazi, akaketi kwenye meza ile ile kumwonyesha mdogo wake alichojifunza.