Je, wajua kwa nini hodari wa mtumbwi wazi hupinduka mara tu apandapo mtumbwi wenye sitaha?

Mtu amepiga kafi kwenye mtumbwi wazi miaka mingi. Anashuka maporomoko madogo bila kuchota maji, na anajua jiwe lipi lina maji tulivu nyuma yake na lipi halina. Siku anapojaribu mtumbwi wa mtoni uliofunikwa juu, ule ambao mpiga kafi hujifunga kiunoni kwa sketi ya mpira ili maji yasiingie, haupiti muda kichwa kiko chini. Mto ni uleule. Kafi bado lina bapa moja, na amepiga magoti kama alivyozoea. Kimebadilika nini?

Kwanza tukitambue chombo chenyewe, maana wengi wakikiona hukiita kayaki. Mpiga kayaki huketi, miguu ameielekeza mbele, na kafi lake lina bapa kila ncha. Huyu hupiga magoti na ana bapa moja tu. Kayaki ilitoka kwa Wainuiti wa Aktiki, waliofunika vyombo vyao kwa ngozi kwa kuwa maji ya kule huua kwa baridi. Mtumbwi wazi wa magome ya miti ulikuwa chombo cha wenyeji wa mito na maziwa ya Amerika Kaskazini. Mtumbwi wenye sitaha umechukua kifuniko cha wale na magoti ya hawa. Katika mashindano ya slalomu, yaani mbio za kupita kati ya milingoti iliyoning'inizwa juu ya maji ya kasi, huitwa C1.

Sasa turudi mtoni. Kwenye mtumbwi wazi, adui ni maji yaliyoingia. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo wimbi likimwaga lita 100 ni kama umepakia kilo 100 za ghafla, tena mzigo usiotulia: chombo kikiinama kidogo, maji yote hukimbilia upande huohuo na kuuzamisha zaidi. Ndiyo maana wapiga kafi wa mitumbwi hii hufunga mifuko ya hewa omo na shetri, yaani mbele na nyuma ya chombo, hukwepa mawimbi makubwa, na hujibanza nyuma ya jiwe ili wafue maji ngamani. Ustadi wao wote umejengwa juu ya amri moja: ukingo usizame. Mwili hulishika hilo mpaka linakuwa tabia.

Sitaha inaondoa hofu hiyo na kuleta nyingine. Maji yasiyopata pa kuingilia hupanda juu.

Mtumbwi wa C1 wa mashindano ni mwembamba na umelala chini sana. Kanuni zinataka urefu usiopungua mita 3.5 na upana usiopungua sentimita 60, na watengenezaji huzipunguza ncha zake hadi zinakuwa bapa. Fikiria unatoka kwenye maji tulivu nyuma ya jiwe na kuingia mkondoni. Mkondo unakupiga ubavuni, upande yanakotoka maji. Mtumbwi wazi una mbavu ndefu, nao huhimili pigo hilo kidogo kabla ya kuanza kwenda mrama, hivyo unapata nafasi ya kujirekebisha. Wenye sitaha haukupi nafasi hiyo. Kingo yake ya chini ikinaswa tu, maji yanapanda sitahani, yanaigandamiza, na chombo kinabiringika kuelekea yanakotoka maji.

Dawa ni kuulaza mtumbwi upande yanakokwenda maji, ili mkondo ukute tumbo la chombo na kupita chini yake. Mzoefu wa mtumbwi wazi analijua hilo vizuri. Shida ni kwamba yeye hulaza kwa kipimo, kwa kuwa akizidisha ukingo wake utachota maji. Kwenye C1 kipimo kile hakitoshi, wala hakina sababu tena: kingo inaweza kuzama kabisa na lisiingie hata tone. Akili hulielewa jambo hili upesi, lakini nyonga hukawia. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye ugumu wote, kuliko hata kujifunza kuibuka baada ya kupinduka.

Na anayekubali kulaza chombo hufunguliwa milango ambayo mtumbwi wazi haukuwa nayo. Mabingwa wa slalomu huzamisha shetri makusudi. Wanapoufikia mlingoti wa kuzunguka hulalia nyuma, maji yanapanda juu ya shetri ile bapa na kuikandamiza, omo inainuka hewani, na chombo chote kinageuka papo hapo. Maji yaleyale yaliyompindua mgeni ndiyo yanayomgeuza bingwa. Mfaransa Tony Estanguet alishinda dhahabu tatu za Olimpiki katika C1, mwaka 2000, 2004 na 2012. Wanaume walishindana kwa mara ya kwanza mwaka 1972 kule Augsburg, Ujerumani. Wanawake walisubiri hadi michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, na dhahabu ikaenda kwa Jessica Fox wa Australia.

Lipo pia suala la kupinduka kwenyewe. Hodari wa mtumbwi wazi naye anaweza kuibuka bila kutoka chomboni, ila huibuka na mtumbwi uliojaa maji. Wa C1 huibuka na chombo kikavu, akaendelea na safari. Lakini kwa kuwa bapa ni moja, mara nyingi huibukia upande mmoja tu. Akiwa ameshika kafi kulia na akaangukia kushoto, inambidi azunguke mpaka chini kabisa, asubiri, kisha atokee kulia. Mikanda ya mapajani ndiyo inayomwezesha kukivuta chombo kwa magoti na nyonga huku bapa likiegemea maji.

Kwa hiyo siku ya kwanza ni ya bwawani au kwenye maji yaliyotulia, na somo la kwanza ni kutoka: kuvuta kitanzi kilicho mbele ya sketi, kufungua mikanda, kuchomoa magoti. Akishaliweza hilo bila pupa ndipo anafundishwa kuibuka. Kiwiliwili huinama mbele juu ya sitaha, uso ukitazama maji, na kichwa hutoka mwisho kabisa. Anayetanguliza kichwa ili awahi kuvuta pumzi hurudi chini palepale.