Aktuari si jina la shahada

Bango lilikuwa limefungwa kwenye nguzo mbili za hema, huko Kasarani, kubwa kama la mgombea ubunge. Picha ya mpwa wangu na joho lake, na chini yake kwa herufi za dhahabu: HONGERA AKTUARI WETU. Baba yake mdogo alipopewa maikrofoni alitangaza kwamba kuanzia siku ile ukoo una aktuari wake, kwa hiyo wote wenye mzozo wa vitabu vya chama wamwone kijana baada ya kula. Makofi. Kijana akanitupia jicho mimi mjomba wake, jicho la kusema tafadhali usianze. Sikuanza. Pilau ilikuwa imeiva vizuri, na bango la watu halisahihishwi sherehe ikiendelea.

Ila hiyo ilikuwa mara ya tatu mwaka huu kusikia mhitimu akiitwa aktuari siku ya mahafali, na mimi nashinda kwenye hesabu za pensheni kule Upper Hill, Nairobi. Niliyoyameza pale na pilau acha niyaseme hapa.

Aktuari ni mtu anayekadiria kwa hesabu thamani ya leo ya malipo ya kesho yasiyo na hakika. Nani atafariki na lini, nani ataugua, mstaafu wa miaka 60 atapokea pensheni kwa miaka mingapi, na kwa sababu ya hayo yote leo ziwekwe kando shilingi ngapi. Chukua chama cha watu 1,000, wote wa umri wa miaka 40, wanaotaka familia ya atakayefariki mwaka huu ilipwe milioni moja. Tuseme tunatarajia vifo 4. Hizo ni milioni 4, yaani shilingi 4,000 kwa kila mwanachama. Na kama fedha zitakaa mwaka mzima zikizaa asilimia 10, kila mmoja atoe 3,636 leo. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kufika hapo. Aktuari anaanzia pale unapomuuliza: hiyo 4 umeitoa wapi? Na wakifa 7? Kampuni zetu zilitumia kwa miaka mingi jedwali la vifo la Waingereza, lile la A1949/52, kabla ya kupata jedwali lililotokana na Wakenya wenyewe waliokuwa na bima kati ya 2001 na 2003. Fikiria kupanga bei ya kifo cha mtu wa Kitui kwa kuhesabu makaburi ya Uingereza.

Vitabu vya chama, kwa hiyo, ni vya mhasibu. Shilingi ya mhasibu imeshaingia au imeshatoka, na ina risiti. Ya aktuari haijatoka, na huenda isitoke.

Kwenye meza yetu alikuwapo mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, aliyewaeleza vijana kwamba neno hilo limetoka kwenye lile la Kiingereza lenye maana ya "halisi": aktuari ni mtu wa kutoa hesabu halisi. Mwalimu alikosea, lakini si kwa mbali, maana maneno hayo mawili ni binamu. Babu yao ni kitenzi kimoja cha Kilatini cha kutenda. Roma ya kale, yaliyotendwa barazani au mahakamani yakishaandikwa yaliitwa acta, na mwenye kuyaandika akaitwa actuarius. Alikuwa mtu wa kalamu tu, akikimbizana na midomo ya wasemaji. Jeshini, actuarius ndiye aliyeweka daftari la posho na chakula cha askari. Waingereza nao walipolichukua neno walimpa karani wa mahakama za kanisa. Sisi tunalo neno linalomtosha mtu huyo kabisa, nalo ni hilo hilo karani, tulilolipata kutoka Bara Hindi. Maana yake ni kwamba kwa asili bango lile lingeandikwa HONGERA KARANI WETU, na sidhani kama mbuzi wangechinjwa.

Sasa karani alifikaje kwenye hesabu za vifo? Mwanahisabati mmoja wa London, James Dodson, aliomba kujiunga na chama cha bima ya maisha akakataliwa kwa sababu alikuwa amevuka miaka 45. Badala ya kununa akakaa chini kutafuta namna ya kumtoza kila mtu kulingana na umri wake, ili hata mzee apate nafasi kwa bei inayomstahili. Alifariki 1757 kabla ya kuona matunda. Chama kilichojengwa juu ya hesabu zake, Equitable, kilianza 1762, na aliyekipa cheo cha mkuu wa ofisi jina la aktuari alikuwa Edward Rowe Mores, mpenzi mkubwa wa mambo ya kale. Jina lenyewe lina harufu ya Kirumi. Kazi yenyewe ilikuwa ya karani mkuu: kuandika kumbukumbu, kutunza daftari, kusimamia ofisi.

Aliyekifanya cheo kile kuwa cha hesabu ni William Morgan, aliyekishika kuanzia 1775 hadi 1830. Morgan hakuwa na shahada ya hisabati. Alikuwa kijana kutoka Wales aliyekuwa akijifunza uganga wa hospitali. Mjomba wake, Richard Price, ndugu wa mama yake kabisa, alikuwa mshauri wa Equitable. Ndiye huyo huyo aliyechapisha kazi ya Thomas Bayes kuhusu uwezekano baada ya Bayes kufariki, kazi inayowatoa jasho wanafunzi hadi leo. Inasimuliwa kwamba mjomba alimuuliza kama anajua hisabati, na kijana akajibu kuwa hajui, ila anaweza kujifunza. Akajifunza. Mwaka 1789 alipewa Medali ya Copley, heshima kubwa ya sayansi huko Uingereza. Nakipenda kisa hiki kwa sababu tangu mwanzo mtu hakuwa aktuari kwa cheti alichoingia nacho mlangoni.

(Wapo wanaopendelea tuseme "mtakwimu bima". Si neno baya, lakini linamfungia mtu kwenye bima, na mimi sijagusa bima mwaka wa sita sasa. Mfuko wa pensheni unaomwahidi mfanyakazi kiasi maalumu akistaafu hutakiwa hapa Kenya kupimwa na aktuari angalau kila miaka 3. Kwa hiyo nabaki na aktuari, maaktuari, na taaluma yenyewe uaktuari.)

Turudi Kasarani. Alichopata mpwa wangu ni shahada ya sayansi ya aktuari. Chuo kimesema: huyu amesomea mambo haya miaka 4 na amefaulu. Chuo hakina mamlaka ya kusema zaidi ya hapo. Anayesema "huyu ni aktuari" ni chama cha taaluma. Wakenya wengi hupitia kile cha Uingereza, Institute and Faculty of Actuaries, kilichozaliwa 2010 kwa kuunganisha taasisi ya London ya 1848 na ile ya Edinburgh ya 1856. Wachache hufuata njia ya Marekani. Kwa mpangilio wa Waingereza ulioanza 2019, njia ndefu ina pepa 7 za msingi, 3 za utendaji, 2 za eneo ulilolichagua na 1 ya juu yake. Jumla 13, pamoja na uzoefu wa kazini ulioandikwa na kuthibitishwa. Tena baadhi ya pepa hizo zina sehemu mbili, moja ya kuandika majibu na nyingine ya kukokotoa kwa Excel au kwa R, programu ya takwimu.

Hapa ndipo linapoingia neno la pili linalotumiwa vibaya, nalo ni msamaha. "Kozi yake ina misamaha," wazazi huambiana, kama vile chuo kinagawa pepa pamoja na kitambulisho cha mwanafunzi. Msamaha ni wa mtu, na ni wa pepa moja moja. Ukifanya yuniti zinazolingana na pepa fulani, kwenye chuo kinachotambuliwa, na ukapata alama waliyoiweka, unaweza kuombewa usifanye pepa hiyo. Alama ya kupita tu chuoni kwa kawaida haitoshi. Na msamaha hulipiwa. Tena huishia zaidi kwenye zile pepa za msingi. Mlima uliobaki kila mtu anaupanda kwa miguu yake.

Ukishalitenganisha hilo, unaelewa kwa nini nilimkataza jirani yangu asilie. Binti yake aliomba sayansi ya aktuari, KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, ikampeleka Hisabati. Mama alikuja kwangu kama aliyefiwa. "Baba Amani, hesabu tupu itampeleka wapi?" Nikamwambia, Mama Wanjiku, kama anataka uaktuari, itampeleka pale pale, mradi apange yuniti zake tangu mwaka wa kwanza asingoje wa nne.

Nikachukua bahasha ya bili ya stima nikaandika nyuma yake. Kalkulasi na aljebra ya mstari hana budi kuzifanya, na huko ndiko atakakowazidi wenzake wengi wa aktuari, ambao mara nyingine hukariri fomula bila kujua imezaliwa wapi. Uwezekano na takwimu za kihisabati azishike kwa mikono miwili. Hiyo ndiyo CS1, mojawapo ya zile pepa 7 za msingi, kama zilivyo nyingine za CS, CM na CB nitakazozitaja. Yuniti za kuchagua zikija, achukue michakato ya kinasibu, mfululizo wa wakati na uchambuzi wa muda wa kuishi, ambavyo ni uti wa mgongo wa CS2. Nilipofika hapo nikapiga mstari mzito, kwa sababu ndipo wanahisabati wanapojikwaa: uchumi na uhasibu. Idara ya hisabati haitamlazimisha, na yeye mwenyewe ataona ni mambo ya kupiga domo, lakini CB1 na CB2 ni hayo hayo. Nadharia ya riba, ambayo ni mlango wa CM1, kama haifundishwi kwao aombe kuifanya idara nyingine au ajisomee mwenyewe likizoni. R ajifunze kwa data chafu, si ile ya kitabuni iliyokwisha kuoshwa. Na mwaka wa tatu ajaribu pepa moja kwa fedha zake, CS1 au CM1. Akiifaulu, mwajiri hatauliza sana kuhusu jina la shahada.

Atakosa misamaha mingi, hilo sikumficha mama. Ataandika pepa ambazo mwenzake wa aktuari mwenye alama nzuri ataziruka. Ni mwaka mmoja au miwili zaidi ya mitihani, na ada yake. Lakini anayependa hisabati kwa dhati simsukumi aombe uhamisho kwa sababu ya jina tu.

Juzi nilimpigia simu baba mdogo wa mpwa wangu. Nilimweleza taratibu, kwa heshima, maana ni shemeji yangu na bango alilipia yeye. Kijana amesamehewa pepa 4, nikamwambia, na anajiandaa kwa CM2 ya Septemba.

"Kumbe bado?"

"Bado, shemeji."

Akakaa kimya kidogo. "Sasa tumwite nani?"

Nikamwambia kwenye taaluma yenyewe ambaye hajamaliza huitwa mwanafunzi, na hakuna anayeona haya. Jamaa wa meza ya pili kutoka yangu ana miaka 33, mke na watoto wawili, na bado ni mwanafunzi. Sema tu kijana anasomea uaktuari.

"Na bango?"

"Likunje vizuri uliweke juu ya kabati."