Mpaka wa nje wa pamoja ni nini?

Msafiri mwenye viza ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, akitua Lisbon hukaguliwa na afisa wa Ureno. Akishapita pale, anaweza kwenda Madrid, Paris hadi Berlin, na kwa kawaida hasimamishwi tena mpakani. Kwa hiyo afisa yule wa Lisbon amewakagulia Wahispania, Wafaransa na Wajerumani pia. Huo ndio mpaka wa nje wa pamoja: nchi zikiondoa ukaguzi baina yao, ukaguzi huo huhamia pembezoni, na aliye pembezoni huwalindia wenzake.

Mpango huu ulianza 1985, pale Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg zilipotia saini mkataba katika kijiji cha Schengen. Ukaguzi wa ndani ulianza kuondolewa 1995. Leo nchi ni 29, na si zote zimo katika Umoja wa Ulaya: Norway, Iceland, Uswisi na Liechtenstein zimejiunga na Schengen, ilhali Ireland, mwanachama wa Umoja, imebaki nje.

Mpaka wa namna hii hautoshelezwi na askari. Kanuni lazima ziwe moja. Mgeni wa muda mfupi hukaa siku 90 katika kila siku 180, na siku hizo ni za eneo zima. (Wengi hujikwaa hapa: kutoka Italia kwenda Austria hakuanzishi hesabu upya.) Mtu aliyepigwa marufuku na nchi moja huonekana kwenye kompyuta za nyingine, na tangu Oktoba 2025 alama za vidole na picha ya uso zimeanza kuchukua nafasi ya muhuri wa pasipoti. Lipo pia Frontex, shirika lililoundwa 2004 lenye makao yake Warsaw, ambalo hupeleka maafisa, ndege na boti kwa nchi iliyoelemewa. Hata hivyo, dhamana ya kwanza ya mpaka hubaki kwa nchi yenyewe.

Ugomvi huzuka kwenye mgawanyo wa mzigo. Mwaka 2015 watu zaidi ya milioni moja walifika Ulaya kwa bahari, wengi wao kupitia visiwa vya Ugiriki kama Lesbos. Kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya iitwayo Dublin, ombi la hifadhi mara nyingi liliiangukia nchi ambayo mtu aliingilia kwanza, na Ugiriki na Italia zimelalamika miaka mingi, kwa haki nionavyo. Ujerumani na Austria nazo zikarudisha ukaguzi wa ndani. Sheria huuruhusu kwa muda, ila muda wenyewe umekuwa ukiongezwa kila mara. Mwaka 2022 mkurugenzi wa Frontex, Fabrice Leggeri, alijiuzulu shirika likiwa limeandamwa na madai kwamba lilifumbia macho watu kurudishwa baharini kinyume cha sheria.

Kwetu, Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo inaelekea kwenye mpaka wa pamoja, ila imeanzia kwenye mizigo, si watu. Shehena ya Uganda huweza kulipiwa ushuru ingali Mombasa. Watu bado hukaguliwa Namanga, ingawa siku hizi maafisa wa Kenya na Tanzania hufanya kazi chini ya paa moja, upande anaoingia msafiri.