Alianguka na bodaboda, akainuka, akaenda kulala: maswali na majibu kuhusu ajali za barabarani Tanga

Haya ni maswali tunayoulizwa kila siku katika chumba cha majeruhi. Machache yanatoka kwa majeruhi wenyewe, mengi kwa ndugu na vijana wa kijiweni waliowaleta. Nimeyaweka pamoja kwa sababu kuna kosa moja linalojirudia, na linaua watu ambao wangeweza kupona.

Ajali za hapa Tanga mjini ni za namna gani?

Msifikirie mabasi. Basi likipinduka huko njiani linatangazwa redioni na nchi nzima inajua. Ajali zetu hazitangazwi: bodaboda kwa bodaboda, bodaboda na bajaji, gari na baiskeli, mtoto wa shule aliyegongwa akivuka. Mji wetu ni tambarare, baiskeli ni nyingi kuliko miji mingi ya nchi hii, na pikipiki zimeongezeka juu yake. Kwa hiyo anayeumia ni yule asiyekuwa na bati la kumkinga. Duniani kote ni hivyo hivyo: Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya 2023 lilikadiria vifo milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka, na zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki na bajaji. Kwa watu wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi ya barabara.

Zinatokea wapi na saa ngapi?

Tunachokiona ni hiki. Ngamiani, zile barabara za namba zinakatana kila baada ya hatua chache, na kwenye makutano kila mmoja anaamini mwenzake ndiye atakayesimama. Barabara kuu inayoingia mjini kutoka Muheza kupitia Pongwe na Kange ina malori na mabasi, na vijana wa pikipiki wanapenya katikati yake. Ya kwenda Horohoro kupitia Amboni inanyooka, watu wanakaza mwendo.

Saa mbaya ni magharibi. Jua limezama, taa hazijawashwa, na baiskeli nyingi hazina taa wala kiakisi mwanga hata kimoja. Mwezi wa Ramadhani ndiyo usiseme: nusu saa kabla ya adhana kila mtu anakimbilia futari. Mwendo wa mjini kisheria ni kilomita 50 kwa saa, na kuna sababu. Mwenda kwa miguu akigongwa na gari lililo kwenye kilomita 65, hatari ya kufa ni zaidi ya mara nne ikilinganishwa na kilomita 50. Futari itakungoja.

Kijana wetu alianguka na pikipiki, lakini aliinuka mwenyewe na anaongea vizuri. Kuna haja ya kwenda hospitali?

Kama kichwa kiligonga lami, gari, nguzo au kichwa cha mwenzake: ndiyo. Kama alizimia hata kwa dakika moja: ndiyo. Kama hakumbuki alivyoanguka: ndiyo. Na nendeni leo hii, msingoje kesho kukipambazuka.

Hapa ndipo tunapopoteza watu. Fuvu ni kama kifuu cha nazi, halitanuki. Mshipa ukipasuka ndani yake, damu inakusanyika taratibu na kuubana ubongo. Mwanzoni ubongo unavumilia, kwa hiyo mtu anaongea, anacheka, anaomba chai, hata anaendesha pikipiki kurudi nyumbani. Saa chache baadaye nafasi inakwisha na anaanza kuzama. Kile kipindi anachoonekana mzima ndicho kipindi ambacho angeokolewa.

Kuna kijana aligongana na baiskeli jioni. Aliinuka, akanyoosha usukani, akamfikisha abiria wake, akarudi nyumbani, akala na kulala. Usiku mama yake alimsikia akikoroma kwa nguvu, akaona mwanangu leo kachoka, akamtandazia shuka vizuri. Alipomwamsha kwa swala ya alfajiri hakuamka. Alipofika kwetu mboni moja ilikuwa imetanuka na nyingine imebaki ndogo. Hakupona. Mama yule hakuwa mzembe. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba mkoromo ule haukuwa usingizi.

Lakini hakuna damu wala jeraha lolote.

Damu inayoonekana nje si kipimo cha kilicho ndani. Ngozi ya kichwa ikichanika inavuja sana na kutisha wote, na mara nyingi anashonwa na kurudi nyumbani. Tunayemwogopa zaidi ni yule asiye na mchubuko, kichwa kinamuuma, na kila mnavyongoja kinazidi.

Si tumwache kwanza alale, tumwone asubuhi?

Hapana. Msimwache alale mpaka asubuhi kabla hajaonwa.

Usingizi wenyewe hauna sumu. Tatizo ni kwamba mtu aliyelala na mtu anayepoteza fahamu mnawaona sawa sawa kitandani, na mkija kugundua tofauti usiku umeshaisha. Akishachunguzwa na kuambiwa arudi nyumbani, atalala, na nitaeleza chini namna ya kumwangalia. Kabla ya hapo, hapana.

Dalili gani zituondoe nyumbani hata kama ni usiku wa manane?

Kutapika zaidi ya mara moja. Kichwa kinachozidi kuuma. Usingizi usio wa kawaida, au kukoroma kwa mtu ambaye hakuwa na tabia hiyo. Kuongea ovyo, kuuliza jambo lile lile kila dakika, kuwa mkali bila sababu. Degedege. Mkono au mguu wa upande mmoja kulegea. Mboni za macho kutolingana. Maji maji au damu kutoka puani au masikioni. Moja tu kati ya hizi inatosha; msisubiri zikamilike. Kwa mtoto mchanga ambaye hawezi kusema, kulia kusikonyamazika na kukataa kunyonya pia ni dalili.

Alikuwa amekunywa. Si pombe tu hiyo?

Sentensi hii, "amelewa tu huyo", nimeisikia mara nyingi mno kwa watu waliokuwa wanakufa. Mlevi aliyeanguka ana hatari kubwa zaidi, kwa sababu dalili za pombe na dalili za damu kichwani zinafanana na hamwezi kuzitofautisha kwa macho. Hata sisi hatuzitofautishi kwa macho. Ndiyo maana kuna CT scan, kipimo cha picha kinachoonyesha ndani ya kichwa. Mlevi aliyegonga kichwa ni mgonjwa wa kichwa mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Mleteni. Hatumuulizi dini yake wala kikombe chake.

Tumempa diklopa na maumivu yamepungua.

Acheni. Diklofenaki na aspirini zinaweza kuongeza kuvuja kwa damu, na dawa za usingizi zinaficha dalili zote nilizotaja. Paracetamol haina ubaya huo, ila nayo isiwe sababu ya kubaki nyumbani. Wala asipewe chai, soda au uji kabla hajaonwa. Akipoteza fahamu na kutapika, chakula kinaingia mapafuni, na akihitaji upasuaji tumbo lililojaa ni hatari nyingine.

Si lazima tupitie polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kwanza?

Fomu ni muhimu, kwa kesi na kwa bima. Lakini aliyepoteza fahamu, anayevuja damu au anayehema kwa shida hangoji fomu: anahudumiwa kwanza, PF3 inafuata. Gawaneni kazi. Mmoja aende kituoni, wengine wamlete majeruhi moja kwa moja. Kumzungusha mtu aliyegonga kichwa mpaka kituo cha polisi, akae kwenye benchi akisubiri karatasi, ni kumnyima saa zile zile alizokuwa nazo.

Mguu umevunjika. Tuna fundi wetu wa mifupa kijijini, anakanda vizuri.

Najua wanaheshimika, na najua gharama ya hospitali inatisha. Ila nimeona vidole vyeusi vya miguu iliyofungwa kwa vijiti na kamba iliyokazwa mno, na mguu huo hauokolewi tena, unakatwa. Mfupa uliotoboa ngozi usikandwe na mtu yeyote, mahali popote. Unataka kusafishwa, dawa za kuua vijidudu na sindano ya pepopunda mapema. Aliyekwisha kufungwa, tazameni vidole vyake: vikiwa baridi, vimebadilika rangi, vinakufa ganzi au maumivu yanazidi, legezeni mafungo sasa hivi na mje. Na kichwa, shingo au mgongo havikandwi kabisa.

Mbona anashika tumbo na usukani ulimgonga kidogo tu?

Usukani wa pikipiki au baiskeli unaweza kupasua bandama au ini bila kuacha alama kubwa ya nje. Maumivu ya tumbo yanayozidi, weupe wa viganja na midomo, kizunguzungu akisimama, mapigo ya moyo kwenda mbio: hiyo ni damu inayopotelea ndani. Hospitali, haraka.

Ajali imetokea mbele yangu. Nifanye nini?

Zuia magari kwanza, usije ukaongezeka wewe. Piga 112 kuwaarifu polisi. Kama anavuja damu, kunja leso au khanga safi, bonyeza pale pale na usiachie kila mara kuchungulia. Usiweke majivu, sukari, mafuta ya taa wala dawa ya meno.

Aliyepoteza fahamu asivutwe kwa mikono na miguu. Shingo inaweza kuwa imevunjika bila kuonekana, na mkivuta mnamalizia uti wa mgongo. Kichwa, shingo na kiwiliwili viende pamoja kama kipande kimoja, watu watatu au wanne, juu ya ubao au hata mlango, kisha kwenye gari analoweza kunyooka. Akitapika, mgeuzeni ubavu kwa mtindo huo huo. Ikiwa gari linawaka moto au liko njiani kugongwa tena, mtoeni kwanza.

Lile la kumpakia majeruhi mshikaki, yeye katikati, dereva mbele na mtu wa kumshikilia nyuma, kichwa kinaning'inia njia nzima mpaka Hospitali ya Bombo, naomba liishe. Mnafanya kwa moyo mwema, nalijua hilo. Simamisheni pikapu, simamisheni kirikuu, ombeni.

Abiria naye anahitaji helmeti? Naenda hapo tu, Makorora.

Sheria inamtaka dereva na abiria wote wawili. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha helmeti inapunguza vifo kwa karibu asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69. Lami ya Makorora ni ngumu sawa na ya safari ndefu. Helmeti iliyotundikwa kwenye kioo au kuvalishwa kiwiko hailindi chochote, na isiyofungwa kamba inaruka kabla kichwa hakijafika chini.

Kinamama wengi wananiambia helmeti ya bodaboda inanuka na imevaliwa na watu wote wa mji. Ni kweli, na haipendezi. Beba kitambaa chako chepesi uvae chini, au valia juu ya mtandio uliobanwa vizuri. Anayepanda kila siku anunue yake. Na dereva asiye na helmeti ya abiria, mwache aende, yuko mwingine nyuma yake.

Mtoto kukalishwa juu ya tangi la mafuta mbele ya dereva: hapana. Pikipiki ikigonga, yeye ndiye anayetangulia kuruka.

Amechunguzwa, ameruhusiwa kurudi nyumbani. Tumwangalieje?

Kwa saa 24 za kwanza asiachwe peke yake. Usiku mwamsheni kila baada ya saa mbili hivi. Asigune tu na kugeuka upande; afungue macho, ataje jina lake, aseme yuko wapi, ainue mikono yote miwili. Asipoamka sawasawa, au ikitokea dalili yoyote niliyoitaja juu, mrudisheni saa hiyo hiyo hata kama mlitoka kwetu jioni. Hatutawakasirikia kwa kurudi.

Asinywe pombe, asinywe dawa za usingizi. Kichwa kidogo kuuma, uchovu na kusahau sahau vinaweza kumkaa siku kadhaa hata wiki, lakini mwelekeo uwe wa kupungua.

Lini arudi barabarani? Tajiri, mwenye pikipiki, anadai hesabu yake ya kila siku.

Asiendeshe akiwa bado ana kizunguzungu, kichwa kinamuuma, anaona ukungu au anachelewa kujibu akiulizwa. Arudi kliniki siku aliyoandikiwa, tumwone, ndipo tumruhusu. Katika siku hizo pikipiki apewe mwenzake wa kijiweni aendeshe na hesabu iendelee kupelekwa. Tajiri akikataa, njoo naye hospitali, tutamweleza sisi.