Kipawa katika riwaya ya vijana: maana yake

Neno kipawa limetokana na kupawa, yaani kupewa. Kwenye riwaya za vijana zenye mambo ya ajabu, asili hiyo ina uzito wake, kwa sababu mhusika hakuomba. Ana miaka 14, mwili unambadilikia kila siku, na asubuhi moja anajikuta anajua jambo ambalo mtu hapaswi kulijua. Hakulisomea, wala hakuna mzee aliyemrithisha. Amepewa tu, na hana wa kumrudishia.

Hapo ndipo kipawa cha namna hii kinapoachana na kipaji. Kipaji cha kuimba hukua kwa mazoezi, na mwenyewe akichoka anakiweka kando. Hiki hakiwekwi kando. Wala si uchawi, maana mchawi, jinsi watu wanavyomweleza, hukusudia. Kijana wetu hakukusudia lolote. Ila majirani hawayaoni makusudio ya mtu; wanaona yaliyotokea.

Tuchukue binti wa kubuni kule Tukuyu, wilayani Rungwe, Tanzania. Tumwite Atupele, jina ambalo kwa Kinyakyusa maana yake ni "ametupatia". Yuko kidato cha pili. Akishika mkono wa mtu anayekaribia kufa, ubaridi unamwingia vidoleni na kupanda hadi kwenye kiwiko. Mara ya kwanza ni Juni, ukungu umeshuka kutoka mlima Rungwe, kila mtu yuko ndani ya sweta. Anapiga goti, anampa bibi yake mikono yote miwili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona mikono ya baridi hivyo, mjukuu wangu? Njoo uote moto."

Wiki haijaisha, uani kwa bibi pamefungwa turubai.

Waandishi wengi wachanga wakifika hapa hukimbilia kuongeza vifo. Mimi naona utajiri wote uko kwenye salamu. Atupele sasa anaogopa mikono ya watu. Anaificha ndani ya khanga, anaamkia kwa mbali, mjomba akija anajifanya anachochea kuni. Pale kwao, binti anayemnyima mkubwa mkono ni mjeuri, basi. Anagombezwa kwa utovu wa adabu, na hawezi kusema kwamba anachokikwepa ni kujua kifo cha mjomba wake. Kinachotisha hasa ni hicho, kuliko maiti kumi: kipawa kinamfukuza mtoto kwenye desturi ileile iliyomlea.

Kisha watu wazima wanaanza kukipa majina. Kanisani wanaita karama na kutaka asimame mbele. Shangazi anasema ni mizimu. Kisimani wanasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto ni mchawi. Kitu ni kimoja, na jina litakaloshinda ndilo litakaloamua maisha yake.

Rungwe wanaijua dhana hii tangu zamani. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa wa huko pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliandika habari za abamanga, walinzi wa kijiji walioaminiwa kuwaona wachawi ndotoni. Ilisemwa kwamba nguvu yao ni ileile ya wachawi, chatu akaaye tumboni. Kilichowatenganisha ni namna ya kuitumia. Aliandika pia kuhusu pumzi ya watu, lawama ya jamii iliyoaminiwa kumfikia mkosaji kama ubaridi mwilini. Ubaridi wa Atupele nimeutoa huko. (Anayetaka kuandika habari za enzi hizo anao pia wavulana wa miaka kumi hivi, waliotoka kwa wazazi wao wakajenga vibanda na kuanzisha kijiji cha rika lao. Hebu fikiria mmoja wao ana chatu tumboni na wenzake hawajui.)

Kuna namna ya kupima kama kipawa kimekaa vizuri ndani ya riwaya: kiondoe, uone kinachobaki. Kwa Atupele anabaki binti ambaye wakubwa humwamulia kila kitu bila kumuuliza. Kipawa kimelivuta jambo hilo hadi likaonekana, halafu kikampa uamuzi ambao hakuna mkubwa awezaye kumfanyia: siku anashuka stendi akitoka bweni, na mama yake anamjia mbio huku amenyoosha mikono yote miwili.